Kimo cha Pikapu ya Sajenti

Sajenti alipostaafu jeshini mwaka 2019, baada ya utumishi wa miaka 22, alitumia sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake kununua mabati, ng'ombe wanne na pikapu moja ya Toyota Hilux yenye milango minne, iliyoundwa mwaka 2012. Mabati yaliezekwa, ng'ombe wakazaa, lakini kitu kilichotajwa zaidi nyumbani kwake kilikuwa ile pikapu, kwa kuwa katika kijiji chake, kilicho umbali wa kilomita 38 kutoka barabara kubwa iendayo Moroto, hapakuwa na gari jingine liwezalo kuitwa usiku. Pikapu ilibeba mtama, mbuzi, madawati ya shule, maharusi na maiti. Ilikuwa mali ya Sajenti kwa kadi ya gari tu. Kwa kazi ilikuwa ya kijiji kizima.

Aijuaye Karamoja wakati wa mvua hahitaji kuelezwa habari za udongo mweusi wa mbuga. Wakati wa kiangazi udongo huo hupasuka nyufa ziwezazo kumeza mguu wa ndama, na gari hupita juu yake likitimua vumbi bila taabu yoyote. Mvua ikinyesha kwa saa mbili tu, udongo ule ule hunywa maji, ukavimba, ukanata. Hujaa katika meno ya tairi mpaka tairi likawa laini kama chungu, kisha hujaa baina ya tairi na madigadi mpaka gurudumu lenyewe likakataa kuzunguka. Malori yapitayo hapo huchimba mifereji miwili mirefu, na katikati ya mifereji hiyo hubaki tuta. Dereva mgeni hutazama mifereji, akaogopa kuzama. Dereva mwenyeji hulitazama tuta.

Usiku mmoja wa mwezi wa Agosti mwaka 2023, mke wa mwanawe wa pili alishikwa na uchungu kabla ya siku zake. Mwana huyo ni askari polisi, na usiku huo alikuwa zamu, mbali na nyumbani. Sajenti akampakia mkwewe, pamoja na mkunga wa kijiji na bibi mmoja wa kumshika mkono, akatia gia ya magurudumu manne, akaondoka. Walipofika kilomita ya 11 pikapu iliteleza ikaingia mfereji, ikaketi juu ya tuta. Magurudumu yalizunguka katika tope bila kushika chochote. Chini ya gari, difu ya nyuma, yaani lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli, ilikuwa imelalia tuta kama kuku anayeatamia. Vijana wanane waliokuja na mienge walisukuma mpaka alfajiri. Saa mbili ya asubuhi trekta liliwavuta. Yule mama alifika hospitalini, akatibiwa, akapona. Mtoto hakuwa hai.

Hakuna aliyemlaumu Sajenti kwa sauti, na kwa sababu hiyo lawama ile ilikaa nyumbani kwake muda mrefu kuliko kama ingalisemwa.

Mwezi wa Januari mwaka 2024 yule mwana polisi alikuja likizo. Alikuja na akiba yake ya mwaka mzima, na picha ya pikapu kama ile ile ya baba yake, ila hiyo ya pichani ilikuwa imeinuliwa sentimita 15 na kuvikwa matairi makubwa, hata ungalidhani wazee wawili wangeweza kuketi chini yake wakacheza bao. Akaiweka picha mezani mbele ya baba yake.

"Baba, tuliinue gari," alisema. "Tuliinue mpaka pasiwe na tuta litakaloligusa."

Ni rahisi kumcheka kijana wa namna hiyo, na wapo waliomcheka. Watu wengi huinua magari yao kwa ajili ya kuonekana. Huko Marekani kuinua pikapu ni mchezo wa watu wazima na biashara kubwa, na wapo wenye magari marefu kama ghorofa ambao tope wanaliona katika picha tu. Lakini huyu hakutaka kuonekana. Alikuwa na hesabu yake na lile tuta, na tena mkewe alikuwa mjamzito kwa mara ya pili, jambo ambalo mpaka siku hiyo lilijulikana kwa watu wawili tu.

Wakaenda Soroti, baba, mwana na mama. Mama alikwenda kwa sababu fedha zilikuwa katika mkoba wake.

Gereji ya kwanza waliyoingia ilikuwa ya vijana wachangamfu. Hawakuuliza gari linabeba nini wala linapita wapi. Waliitazama picha, wakasema inawezekana, wakataja bei, wakasema kazi itakwisha kwa siku mbili. Sajenti aliuliza breki zitakuwaje. Wakamwambia, "Afande, usiwe na wasiwasi." Mtu aliyekaa jeshini miaka 22 hujua kwamba mahali anapoambiwa asiwe na wasiwasi ndipo panapotaka kutazamwa mara mbili. Akawashukuru, akaondoka.

Gereji ya pili ilikuwa ya fundi mzee, aliyepata kutengeneza magari ya jeshi zamani, na ambaye alikuwa na tabia ya kunyamaza kabla ya kujibu. Aliisikiliza habari yote ya ile safari ya usiku, maana Sajenti alimweleza, naye hakusema pole ya haraka haraka. Alimpa kijana kipande cha turubai na utepe wa kupimia. "Lala chini," alimwambia, "unipimie kutoka ardhini mpaka tumbo la difu ya nyuma."

Ikatoka sentimita 21.

Fundi akachukua jeki kubwa, akaiweka chini ya chesisi upande wa nyuma, akapiga mkono wa jeki. Bodi ikapanda. Ikapanda kiasi cha kiganja kizima, nafasi juu ya matairi ikapanuka, pikapu ikaanza kufanana na ile ya pichani. "Sasa pima tena," alisema fundi.

Kijana akapima. Ilikuwa sentimita 21. Akapima mara ya pili, kisha akabaki amelala pale chini ya gari kwa muda.

Jambo lenyewe ni jepesi ukiisha kuliona, lakini fedha nyingi hupotea kwa kutoliona. Ekseli ya nyuma ya pikapu hii ni mti mmoja wa chuma, unaounganisha gurudumu la kulia na la kushoto, na difu ipo katikati yake. Mti huo hukaa juu ya matairi, na bodi hukaa juu ya springi. Ukiongeza springi, unaiinua bodi kutoka kwenye ekseli. Ekseli hubaki pale pale ilipowekwa na tairi. Kitu kimoja tu huinua difu ya nyuma, nacho ni tairi lenyewe kuwa kubwa zaidi, na hata hapo difu hupanda nusu tu ya ukubwa ulioongezeka, kwa kuwa nusu ya pili inakwenda juu, upande wa madigadi.

Fundi aliandika hesabu hiyo kwa chaki katika mlango wa gereji. Tairi la pikapu ile lilikuwa la namba 265/65R17. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu wa tairi kwa asilimia ya upana huo. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukikokotoa, tairi zima lina kipenyo cha milimita 776. Tairi la pichani, lile ambalo kijana alilitamani, lilikuwa la namba 285/70R17, ambalo lina milimita 831. Tofauti ni milimita 55. Nusu yake ni milimita 27.

"Ile mifereji ilikuwa na kina gani, Afande?" aliuliza fundi.

Sajenti aliinama, akagusa mguu wake chini kidogo ya goti. Alisimama ndani ya mfereji ule usiku kucha, hakuhitaji utepe.

Basi hata matairi yale makubwa, pamoja na sentimita 15 za springi na vyuma, yasingaliivusha pikapu juu ya tuta lile. Hilo lilisemwa pale gerejini bila mtu kulisema. Yule kijana akatoka chini ya gari, akajipangusa mikono, akaenda kusimama barabarani akitazama pikipiki zinazopita. Baba yake hakumfuata. Pengine ilikuwa mara ya kwanza tangu Agosti kwamba wote wawili walijua jambo moja.

Aliporudi, aliuliza swali ambalo angepaswa kuulizwa na gereji ya kwanza: kama ni hivyo, kuinua gari kuna faida gani?

Faida ipo, alijibu fundi, ila si ile inayodhaniwa. Kwanza, kuinua hutoa nafasi ya tairi, na katika udongo mweusi nafasi hiyo si ya tairi peke yake bali ni ya tope linalozunguka nalo. Aliyejaza madigadi yake kwa mpira mkubwa hana mahali pa kuweka tope, na gari lake litajifunga mapema kuliko la jirani mwenye matairi madogo. Pili, kuinua huondoa katika hatari vile vitu vinavyoning'inia katika chesisi: tangi la mafuta, ngazi za kupandia, ndoano ya kuvutia, pua ya gari inapoanza kupanda ukingo wa mto mkavu. Tatu, springi mpya hulibeba gari likiwa limenyooka. Hapo fundi akapima kutoka katikati ya kila gurudumu mpaka ukingo wa bodi juu yake. Mbele ilikuwa sentimita 49, nyuma 48. Pikapu tupu yapasa kuwa juu kidogo kwa nyuma, ili ikipakiwa inyooke. Ya Sajenti ilikuwa imechuchumaa kabla ya kupakiwa chochote. Miaka ya mtama na madawati ilikuwa imezichosha springi zake.

Vipimo hivyo vinne, kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi, ni afadhali vichukuliwe na kila mwenye gari na kuandikwa mahali kabla ya fundi yeyote kugusa spana. Havibadilishwi na ukubwa wa tairi wala upepo uliomo, na kwa hiyo baada ya kazi vitamwonyesha mwenye gari kimo alicholipia kama kweli amekipata.

Yapo mambo manne yanayouzwa kwa jina moja la kuinua gari, nayo hayafanani hata kidogo. La rahisi ni kuinua bodi peke yake, kwa kutia vipande vigumu baina ya bodi na chesisi. Tairi hupata nafasi, lakini springi, ekseli na uchovu wake wote hubaki vile vile. Tena mti wa usukani, mpira wa kujazia mafuta na mipira ya rejeta huvutwa kuliko urefu wake, na baina ya bamba na bodi hubaki mwanya usiopendeza. La pili ni kutia kipande cha chuma juu ya springi za mbele. Springi hiyo imekaa juu ya mkono wa gurudumu, mbali na gurudumu lenyewe, na kwa hiyo kipande cha milimita 25 huweza kuinua pua karibu mara mbili ya hapo. Ni njia nafuu, na wengi huridhika nayo, mpaka siku gurudumu linaposhuka katika shimo likaenda chini kuliko lilivyokusudiwa na waliolitengeneza, mkono wa juu ukagonga springi, na viungo vikaanza kulia.

La tatu ni springi mpya zenye nguvu na urefu zaidi, pamoja na shokabu za urefu unaolingana nazo. Hili ndilo alilolipenda fundi, nalo lina mpaka wake. Magurudumu ya mbele ya Hilux ile hayana mti mmoja kama ya nyuma. Kila moja lina mikono yake, na nguvu ya injini huyafikia kwa ekseli fupi zenye viungo vinavyojikunja ndani ya mifuko ya mpira. Ukiinua pua, ekseli hizo huanza kushuka kama paa la nyumba. Kiasi cha milimita 40 au 50 viungo huvumilia. Zaidi ya hapo pembe huwa kali, mifuko ya mpira huchanika, mchanga huingia, na kiungo huanza kugonga kila ukikata kona. Gari lililoinuliwa kwa ajili ya kwenda mbali huishia kuvutwa.

Na la nne ndilo lile la pichani. Ili kuinua sentimita 15 bila kuvunja viungo hivyo, difu ya mbele na mikono yake yote hushushwa kwa vyuma vikubwa vya kufungwa chini ya chesisi, na mara nyingi chesisi yenyewe hukatwa mahali fulani ili vyuma hivyo viingie. Yaani mwenye gari hulipa fedha nyingi kuipandisha bodi, kisha hulipa nyingine kuirudisha difu ya mbele chini karibu na ilipokuwa. Fundi alieleza hayo bila dhihaka. Alisema yapo magari yanayostahili kazi hiyo, na yapo mafundi wanaoifanya vizuri, lakini kwa pikapu inayobeba watu wa kijiji hangeifanya hata kwa malipo mara mbili. Watu wa kijijini hupanda nyuma, wengine wakisimama, wakishika mabomba ya pembeni. Ukiiinua bodi kimo hicho, umewapandisha na wao pia, na upana baina ya magurudumu haukuongezeka ipasavyo. Katika kona, au katika mteremko wa ubavuni, uzito ulio juu hulivuta gari nje. Sajenti alitikisa kichwa. Alikwisha kuona magari yaliyopinduka.

Hapo ndipo mkewe, aliyekuwa ameketi juu ya tairi kuukuu akiwa na mkoba magotini, aliposema kwa mara ya kwanza.

"Fundi, hayo matairi na hizo springi ndogo, zitamfikisha mtu hospitalini usiku wa mvua?"

Fundi akanyamaza kama desturi yake. "Zitasaidia, mama. Sitakuapia."

"Basi asisubiri usiku wa mvua," alisema. Akamgeukia mumewe. "Baba watoto, dada yangu yuko Moroto, na nyumba yake si mbali na hospitali. Mkwe wetu akiingia mwezi wa nane wa mimba ataondoka hapa mchana, njia ikiwa kavu, akakae kwa dada mpaka ajifungue. Hizo fedha ambazo mngezipandisha juu ya gari zitanunua chakula chake."

Kijana akamtazama mama yake, maana hakuwa amemwambia habari ya mimba. Mama hakueleza alivyoijua.

Wakachagua haraka baada ya hapo. Matairi yawe ya namba 265/70R17, upana ule ule ila ubavu mrefu kidogo, yenye meno makubwa ya tope yaliyoachana. Kipenyo chake ni milimita 803, na kwa hiyo difu ingepanda milimita 13 tu, unene wa kidole. Lakini yale ya zamani yalikuwa yamekwisha meno, na usiku ule wa Agosti yalikuwa yakiteleza kabla hata ya kufika penye tuta. Mbele ziwekwe springi za kuinua milimita 40. Nyuma ziwekwe springi mpya za bapa, zilizotengenezwa kwa gari linalobeba mzigo wa kudumu wa kiasi cha kilo 300. Mtu akinunua springi za mzigo mkubwa kwa gari linalotembea tupu, atarushwa kama punje katika kikaango. Akinunua za gari tupu naye anabeba magunia, atachuchumaa tena kabla ya mwaka kwisha. Swali la mzigo hutangulia swali la kimo, ingawa wauzaji wengi huanza na kimo.

Kijana alitaka matairi manne, ili fedha zibaki. Mama alisema matano. Alisema hivyo kwa sababu hakupenda kuona kitu pungufu, lakini fundi alimwunga mkono kwa sababu nyingine: gari linaloendeshwa kwa magurudumu manne likiwa na tairi moja la kipenyo tofauti, ekseli ya mbele na ya nyuma hutaka kuzunguka kwa mwendo usiolingana, gia zikashindana zenyewe kwa zenyewe, na mahali tairi la akiba linapohitajika sana ndipo hapo hapo gia ya magurudumu manne inapohitajika. Tairi la tano likajaribiwa katika mahali pake chini ya kitanda cha nyuma. Liliingia kwa shida. Lile kubwa la pichani huenda lisingeingia kabisa.

Kazi yenyewe ilichukua siku tatu, na haina mengi ya kusimulia isipokuwa jambo moja. Karibu na ekseli ya nyuma ya pikapu ile ipo vali ya breki, yenye fimbo iliyofungwa katika ekseli. Gari likipakiwa, bodi hushuka, fimbo husukumwa, na vali huruhusu nguvu zaidi kwenda breki za nyuma. Gari likiwa tupu, bodi hupanda, na vali hupunguza nguvu ili magurudumu ya nyuma yasijifunge. Gari likiinuliwa bila kuirekebisha fimbo hiyo, vali hudanganyika. Hudhani gari ni tupu siku zote, hata likiwa na watu kumi na magunia sita, na breki za nyuma hufanya kazi nusu. Mwenye gari hatajua mpaka siku ya mteremko. Fundi mzee aliirekebisha fimbo, akapima pia mipira ya breki kwa kuyaacha magurudumu yaning'inie kabisa, ili aone kama kuna unaovutwa. Kisha akageuza usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto, gurudumu moja likiwa limepandishwa juu ya gogo, akaingiza mkono wake baina ya tairi na plastiki ya madigadi, akautoa bila kuukwaruza. Ndipo akaipeleka pikapu kupimwa pembe za magurudumu ya mbele, ambazo hubadilika kila pua inapoinuliwa, na zisiponyooshwa hula tairi jipya upande mmoja kwa muda mfupi sana. Taa nazo zilishushwa, kwa sababu zilikuwa zinawamulika madereva wengine machoni.

Alipokuwa akiwakabidhi ufunguo, aliwaeleza kwamba kipima mwendo sasa kitasema uongo kidogo: kikionyesha 100, gari litakuwa linakwenda zaidi, karibu 103 kwa hesabu ya matairi. Yule polisi akacheka, na mama yake akamtazama, kwa kuwa ilikuwa miezi mingi hajacheka. Alisema kwamba madereva humweleza habari hiyo hiyo barabarani kila siku, naye hujibu kwamba bunduki ya kupimia mwendo haisomi dashibodi.

Zipo hasara, na Sajenti alizihesabu katika mwezi wa kwanza. Pikapu ilikuwa nzito kuondoka, hasa milimani, kwa kuwa tairi kubwa ni sawa na kuongeza gia ndefu. Ilikunywa dizeli zaidi. Meno ya matairi yalivuma katika lami kama nyuki. Bibi zake wa kijiji walilalamika kwamba ngazi imekuwa juu, naye akawatengenezea kibao cha kukanyagia, ambacho hukaa nyuma ya kiti pamoja na koleo, mbao mbili za kutia chini ya magurudumu, na pampu ya upepo ya kufungwa katika betri. Pampu hiyo aliinunua mwenyewe kwa shauri la fundi, naye huihesabu kuwa ndicho kitu chenye thamani kuliko vyote vilivyonunuliwa safari ile. Njia ikilainika, hupunguza upepo wa matairi kutoka paundi 36 hadi 20 hivi. Tairi hulala, huwa refu katika kukanyaga, na hushika mahali ambapo jana lingalichimba. Akifika penye njia ngumu hujaza tena kabla ya kukimbia, kwa sababu tairi lisilo na upepo wa kutosha hupata moto likapasuka. Hayo hayakuhitaji kuinua gari hata milimita moja. Yangaliweza kufanywa mwezi wa Agosti mwaka 2023, kama mtu angaliyajua, na Sajenti alimwambia mkewe hivyo usiku mmoja, akiwa amegeukia ukutani.

Mwezi wa Julai mwaka 2024, siku ya jua, mkwe wao aliondoka kwenda Moroto. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa siku nne. Kijana aliomba ruhusa ya siku mbili akaja kuendesha mwenyewe. Walipofika kilomita ya 11 alisimamisha gari, akashuka, akatembea mpaka penye mifereji. Tuta lilikuwepo, limekauka, na juu yake palikuwa na alama ndefu laini, ambayo huenda ilikuwa ya lori lolote. Alilipima kwa macho, akachagua kuweka magurudumu ya kushoto juu ya tuta lenyewe na ya kulia nje ya mfereji, kama baba yake alivyomfundisha, akarudi garini. Mkewe alimwuliza alikuwa akitazama nini. Alimwambia kwamba alikuwa akitafuta njia.

Walipita polepole katika gia ya chini. Chini ya gari hakikugusa kitu.

Mtoto wa kike alizaliwa hospitalini wiki tano baadaye, alfajiri, wakati mvua kubwa ilikuwa ikinyesha toka jioni. Usiku huo pikapu ilikuwa kijijini, imeegeshwa chini ya mwarobaini, na Sajenti hakusikia habari mpaka saa nne asubuhi, simu iliposhika mtandao.